Wapokeaji wa Packers 2024: hakuna aliyefika yadi 1,000, tunawapimaje?

Mzizima77:

Wakuu, habari za leo.

Naombeni msaada wa wanaoifuatilia NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa undani. Kambi ya mazoezi ya Green Bay Packers ya msimu wa 2024 imefunguliwa na nataka nifanye tathmini yangu ya wapokeaji wa pembeni kabla msimu haujaanza. Tatizo ni kwamba kila nikiweka namba mezani hazinipi jibu. Msimu wa 2023, mechi za kawaida tu bila za mtoano, walimaliza hivi (tachidauni ni kufikisha mpira eneo la goli):

Jayden Reed: katupiwa 94, kashika 64, yadi 793, tachidauni 8
Romeo Doubs: katupiwa 96, kashika 59, yadi 674, tachidauni 8
Dontayvion Wicks: katupiwa 58, kashika 39, yadi 581, tachidauni 4
Christian Watson: katupiwa 53, kashika 28, yadi 422, tachidauni 5 (mechi 9 kati ya 17)

Hakuna hata mmoja aliyefika yadi 1,000. Davante Adams peke yake, mwaka 2021 akiwa hapo hapo Green Bay, alishika 123 kwa yadi 1,553. Ukiwaweka hawa vijana karibu naye wanaonekana wa kawaida sana. Lakini kwotabeki wao, yaani mrushaji wa pasi, Jordan Love kamaliza na yadi 4,159 na tachidauni 32, na timu ikaenda Dallas kwenye mtoano ikashinda 48–32. Kwa hiyo kuna kitu sikioni.

Nataka kujua: kukosa namba moja ni udhaifu au la? Watson nimuweke wapi, maana kila nikimpandisha nakumbuka majeraha ya paja lake? Na kwenye mechi za maandalizi niangalie nini hasa, kwa sababu mpira ukirushwa macho yangu yanafuata mpira na mengine yote yananipita.

Nawasilisha.

---

Nahodha_wa_Yadi:

Mkuu, hilo swali la "nani namba moja" ndilo linalokukwamisha. Mfumo wa kocha Matt LaFleur hautoi mpira kwa cheo, unautoa kwa kazi. Anza kupanga kazi, majina yaje baadaye.

Sheria inataka timu inayoshambulia iwe na wachezaji wasiopungua 7 kwenye mstari wa kuanzia. Watano ni wale wanene wa kuzuia. Wawili waliobaki wanakaa kwenye ncha, na kwa kawaida ncha moja anakaa taiti-endi (anayezuia na kupokea pia), ya pili anakaa mpokeaji anayeitwa X. X ana maisha magumu. Yuko mstarini, kwa hiyo hawezi kuwa anatembea wakati mpira unatolewa, na beki anaweza kumsimamia puani na kumsukuma ndani ya yadi 5 za kwanza bila kosa. Z anakaa hatua moja nyuma ya mstari, mara nyingi upande ule wa taiti-endi, kwa hiyo ana nafasi ya kupumua na anaweza kutembezwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine kabla ya mchezo kuanza. Wa sloti anakaa ndani, kati ya mpokeaji wa nje na wale wanene, na ana uwanja pande zote mbili.

Sasa weka majina. X ni Doubs, Wicks akimpokea. Z mwenye kasi ni Watson. Sloti ni Reed. LaFleur huwazungusha, hutawakuta wamekaa hapo kila mchezo, lakini ukihesabu mara nyingi zaidi wanarudi kwenye viti hivyo.

Kwenye video, jilazimishe kutoufuata mpira. Rudisha mchezo mara tatu. Mara ya kwanza angalia yadi 5 za mwanzo tu. Mara ya pili angalia pale anapogeuka. Mara ya tatu ndiyo uangalie mikono. Ukipata picha ile ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, itumie hiyo, kwa sababu picha ya kawaida ya televisheni inawakata wapokeaji wa nje sekunde moja tu baada ya mpira kutolewa.

Yadi 5 za mwanzo: tazama mguu wa mbele. Mpokeaji mzuri hanyanyui mguu na kuurudisha nyuma kabla ya kuondoka, kwa sababu hapo keshampa beki hatua moja ya bure. Kisha tazama mikono ya beki. Beki akirusha mkono, mpokeaji anatakiwa aupige chini au auzungukie kwa bega, na kifua chake kisiguswe. Akiguswa kifuani anasimama wima, na akisimama wima mwendo umekufa. Wicks hapo ni fundi. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.62, mbio za pole kwa mpokeaji wa NFL, na aliangukia raundi ya 5 ya drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya), lakini beki wa kumgusa vizuri mwanzoni anatafutwa kwa tochi. Anafanya hatua mbili fupi, bega linaelekea nje, nyonga zimebaki mbele, beki anafungua miguu upande wa nje, yeye keshaingia ndani. Hayo saa ya mbio haiwezi kuyapima.

Pale anapogeuka: hesabu hatua za kusimama. Kwenye njia (mkimbio aliopangiwa mpokeaji) inayokata ndani kwenye yadi 12 hadi 15, mpokeaji mrefu mwenye kasi anahitaji hatua nyingi za kupunguza mwendo, na kila hatua ya ziada inampa beki muda wa kurudi. Angalia kidevu pia. Wengi huinua kidevu na kunyoosha mgongo hatua mbili kabla ya kukata kona, na beki mzoefu anakisoma kidevu hicho kama gazeti. Reed hana ugonjwa huo. Watson alikuwa nao sana mwaka wake wa kwanza, 2022, na hili ndilo ningeliangalia kwake kabla ya kasi, maana kasi yake tunaijua.

Kushika nitamwachia mwingine alieleze kwa hesabu. Ila Doubs usimdharau kwa sababu ya wastani wake mdogo. Yeye ndiye anayetupiwa mipira migumu: karibu na mstari wa goli, begani, beki akiwa mgongoni. Zile tachidauni 8 zimetoka kwenye kazi hiyo. Kule Dallas alishika 6 kwa yadi 151.

---

BintiHesabu:

Mzizima77, namba zako ni sahihi, ila umezisoma kwa jumla wakati ungegawanya kwanza. Gawanya yadi kwa mara alizotupiwa:

Wicks 581 ÷ 58 = 10.0
Reed 793 ÷ 94 = 8.4
Watson 422 ÷ 53 = 8.0
Doubs 674 ÷ 96 = 7.0

Hapo orodha imepinduka, na Wicks wa raundi ya 5 yuko juu. Usimtawaze bado. Mara 58 ni chache. Mwondolee mpira mmoja tu wa yadi 40, anabaki na 541 ÷ 57, yaani 9.5. Nusu yadi imepotea kwa mpira mmoja. Mfanyie Reed hivyo hivyo, anashuka kutoka 8.4 hadi 8.1 tu. Kila sampuli inavyokuwa ndogo ndivyo mpira mmoja unavyoibeba. Kwa hiyo kwa Wicks andika "dalili nzuri", usiandike "imethibitika".

Kipimo ninachokiamini zaidi ni yadi kwa kila njia aliyokimbia, siyo kwa kila mpira aliotupiwa. Mpokeaji akikimbia njia 400 akapata yadi 800, ana 2.0. Zaidi ya 2.0 ni mchezaji wa daraja la juu, karibu na 1.5 ni wa kutegemewa, chini ya 1.0 anakimbia mazoezi tu. Uzuri wake ni kwamba kinamhukumu pia kwa michezo ambayo kwotabeki hakumtazama kabisa, na kutotazamwa mara nyingi kuna sababu: hakujinasua.

Halafu gawanya msimu wenyewe. Love ndiyo kwanza alikuwa mwaka wake wa kwanza kama kwotabeki wa kuanza, baada ya Aaron Rodgers kwenda Jets. Packers walianza na ushindi 3 na vipigo 6. Katika mechi 8 za mwisho Love akarusha tachidauni 18 na pasi yake kunaswa na wapinzani mara 1 tu. Ukichanganya vipindi hivyo viwili unapata wastani wa mtu ambaye hayupo. Mpokeaji aliyecheza sana mwanzoni na kuumia mwishoni amebeba mipira mibovu ya kwotabeki aliyekuwa bado anajifunza. Watson alishika asilimia 52.8 tu ya alizotupiwa, na ni rahisi kusema mikono mibaya. Lakini yeye anatupiwa mbali, na mpira wa yadi 30 hewani unashikwa mara chache kuliko wa yadi 6, awe nani. Mlinganishe na wanaotupiwa umbali ule ule, usimlinganishe na Reed.

Kuhusu kudondosha, usihesabu tu, andika sababu. Kuna anayegeuza macho kutafuta pa kukimbilia kabla mpira haujatulia. Huyo anarekebishika ndani ya kambi. Kuna anayeupokea kwa kifua badala ya viganja. Huyo atadondosha zaidi baridi ikiingia, na Lambeau Field, uwanja wa Packers, ya Desemba mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Kuna anayeachia akisikia beki anakuja. Huyo hapati dawa haraka. Watatu hao kwenye takwimu wanaandikwa kitu kimoja.

Na kuhusu hofu yako ya yadi 1,000: wanne hao kwa pamoja wana yadi 2,470 na tachidauni 25. Hiyo ni karibu asilimia 59 ya yadi za Love, na tachidauni 25 kati ya 32. Reed peke yake ni asilimia 19. Kwa kocha wa ulinzi anayepanga mechi, asilimia 19 maana yake hakuna mtu mmoja ambaye ukimfunga umeifunga timu. Na huyo Reed ni chipukizi aliyevunja rekodi ya klabu ya mipira iliyoshikwa na mchezaji wa mwaka wa kwanza: 64 dhidi ya 55 za Sterling Sharpe za mwaka 1988.

---

Kisauni_D:

Nawaheshimu wote wawili lakini hapo mwisho sikubaliani. Mgawanyo unapendeza dauni ya kwanza na ya pili (timu ina dauni, yaani majaribio, 4 ya kusogeza yadi 10), wakati mchezo wa danganya toto unafanya kazi: kwotabeki anajifanya anampa mkimbiaji, walinzi wa kati wanaingia, nyuma yao panabaki uwanja. Hapo mpokeaji yeyote mwenye akili anaonekana nyota. Shida iko dauni ya tatu, zimebaki yadi 7, kila mtu uwanjani anajua ni pasi. Walinzi wanakaba mtu kwa mtu, hakuna wa kudanganywa. Hapo unamhitaji mtu mmoja ambaye kwotabeki anamrushia hata kabla hajawa wazi, kwa kuwa anajua atakuwa. Adams alikuwa huyo. Nani ndiye huyo leo?

Mzizima77, kama una muda wa kazi moja tu, fanya hii. Chukua mechi 5 za mwisho za 2023, toa dauni za tatu zenye yadi 5 hadi 10, na uondoe zote ambazo ulinzi ulikuwa wa eneo, yaani kila beki analinda sehemu yake. Utajuaje? Mtazame mpokeaji anayetembezwa kabla ya mchezo: beki akimfuata kuvuka uwanja, ni mtu kwa mtu, mabeki wakipokezana kwa kunyoosheana vidole, ni eneo. Si dalili ya asilimia mia, lakini inatosha kwa kazi yako. Zitakazobaki ni chache. Andika kwa kila moja: nani alikuwa wazi sekunde 2.5 baada ya mpira kutolewa, bila kujali kama alitupiwa. Jina litakalojirudia ndiye mpokeaji wako, hata kama jedwali linasema vingine. Mimi naweka jina la Wicks, na ndiyo maana nadhani yeye ndiye swali kubwa la kambi hii kuliko Watson.

---

Nahodha_wa_Yadi:

Kisauni_D, hoja ya dauni ya tatu naikubali, na kipimo chako cha sekunde 2.5 ni kizuri. Ninachoongeza ni kina cha njia. Love anarudi hatua 5, anatulia kidogo, anarusha. Kama njia imeandikwa yadi 12 na kijana akaikata kwenye 10, anafika mapema, anasimama kumsubiri mpira, na beki anampita mbele. Kwenye jedwali inaandikwa kwamba pasi ya kwotabeki imenaswa. Kikosi hiki kilikuwa kichanga mno mwaka jana, Watson na Doubs mwaka wa pili, Reed na Wicks mwaka wa kwanza, na makosa ya namna hiyo yalionekana mapema msimu kuliko mwishoni. Kwa hiyo kambini hesabu yadi: mistari midogo ya kila yadi imechorwa uwanjani, simamisha picha pale mguu unapopandwa, uhesabu.

Na msisahau kuzuia. Packers wamemleta mkimbiaji Josh Jacobs baada ya Aaron Jones kuondoka kwenda Minnesota. Mbio za LaFleur zinanyooka kwenda nje, na mbio za nje zinakufa pale mpokeaji anaposhindwa kumshika beki kwa sekunde moja na nusu. Asiyezuia hachezi dauni ya kwanza, na asiyecheza dauni ya kwanza hapati ile mipira ya danganya toto. Ndiyo maana Doubs ana dakika nyingi kuliko yadi zake zinavyoonyesha.

---

TibaViungo:

Niseme la Watson, maana wengi wanalisema kwa hisia.

Msuli wa nyuma ya paja hauchaniki kwa kawaida wakati mguu uko chini unasukuma. Unachanika mguu ukiwa hewani, umetangulizwa mbele, sehemu ndogo kabla ya kukanyaga. Hapo goti linanyooka kwa kasi na msuli huo unafanya kazi ya breki: unarefuka huku umekaza. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo breki inavyobeba mzigo, na mzigo huo unapanda sana mtu anapokaribia kasi yake ya juu kabisa. Sasa Watson ana urefu wa karibu mita 1.93 na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.36. Mguu mrefu, kasi kubwa, breki nzito. Kipaji chake na jeraha lake vinatoka chungu kimoja.

Watson mwenyewe ameeleza mwaka huu kwamba alikwenda kupimwa Chuo Kikuu cha Wisconsin na wakakuta mguu mmoja una nguvu kuliko mwingine. Hii ni habari njema, kwa sababu tofauti ya nguvu inapimika na inarekebishika. Kwa kawaida wataalamu wanataka tofauti ya miguu miwili ishuke chini ya asilimia 10 kabla ya kumruhusu mtu akimbie kasi yote. Mazoezi yenyewe ni ya kurefusha msuli ukiwa umekaza: kupiga magoti, miguu imeshikwa kwa nyuma, na kushusha mwili mbele polepole mpaka breki ishindwe. Ni zoezi gumu, linauma siku mbili, na likiachwa wiki chache faida yake inapungua. Ndiyo maana halitakiwi liishie Julai.

Kuna hatari moja inayosahauliwa. Mchezaji akilindwa sana kambini, asikimbie kasi ya juu hata mara moja, msuli haujaandaliwa. Anaingia mechi ya kwanza, anakimbia kasi yote mara nane ndani ya saa tatu, na hapo hapo anachanika. Kwa hiyo ukisikia amepumzishwa, usifurahi wala usishtuke mpaka ujue ratiba. Ninachotaka kuona ni kasi ya juu mara chache kila wiki, siku zenye nafasi kati yake, kuanzia sasa hadi Septemba bila kukatika.

Kwa macho ya mtazamaji: usimwangalie anapokimbia, mwangalie anapopunguza. Mchezaji asiyeliamini paja lake anachukua hatua nyingi ndogo kusimama, na anaegemea mguu mmoja. Baada ya mpira mrefu tazama anarudije kwenye kundi. Akirudi kwa kukimbia kidogo kidogo, sawa. Akitembea huku anabonyeza nyuma ya paja kwa kidole gumba, andika hiyo.

Kwenye tathmini yako, Mzizima77, mpe mechi 11 au 12, usimpe 17. Akicheza zaidi ni faida.

---

Kiti_cha_53:

Habari wakuu. Niongelee nafasi za chini, maana kikosi hakiishii kwa wanne.

Sasa hivi wako 90. Jumanne tarehe 27 Agosti, saa 10 jioni ya New York (kwetu saa 5 usiku), lazima wabaki 53. Green Bay wataweka wapokeaji 5 au 6. Wanne tumewataja. Wanaogombea zilizobaki ni Bo Melton, Malik Heath, Grant DuBose na Samori Toure.

Mpokeaji wa tano na wa sita hachaguliwi kwa kushika mpira. Anachaguliwa kwa timu maalumu, zile za mpira wa kuanzisha na wa kurudisha. Na mwaka huu wa 2024 sheria ya kuanzisha imebadilika kabisa. Mpigaji bado yuko yadi 35 yake, lakini wenzake 10 wanasimama kwenye yadi 40 ya wapinzani, na wapinzani wasiopungua 9 wanasimama kati ya yadi 30 na 35 yao. Wote hao hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira uguse chini au mchezaji kwenye eneo la kutua, ambalo ni kuanzia mstari wa goli hadi yadi 20, au ndani ya eneo la goli lenyewe. Mpira ukipitiliza moja kwa moja hadi ndani ya eneo la goli na usirudishwe, kwa sheria ya msimu huu wa 2024 unawekwa yadi 30. Maana yake ile kazi ya kukimbia yadi 60 kwa kasi kumfukuza mrudishaji imekufa. Sasa anatakiwa mtu wa kujibanza karibu, kushikana na kujinasua ndani ya yadi 10. Mpokeaji mwepesi ambaye kazi yake kwenye timu maalumu ilikuwa kasi tu amepoteza sehemu ya thamani yake, na mwenye mwili na ubishi amepanda.

Melton alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.34 na ndiye alikuwa Packers wa kwanza kufikisha yadi 100 za kupokea katika mechi moja ya 2023, 105 dhidi ya Minnesota tarehe 31 Desemba. Fikirieni, timu ilifika mkesha wa mwaka mpya bila mtu wa yadi 100, na aliyezipata alikuwa ametoka kikosi cha mazoezi. Heath hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2023, si mwepesi, lakini anazuia kwa hasira na hilo LaFleur analipenda. Kwangu wote wawili wanabaki, jumla 6, kwa sababu ya paja la Watson. Ukiwa na watano na mmoja ni wa mechi 11, kuna wiki utaingia uwanjani na wanne.

Ila kuna njia ya kukwepa. Wachezaji hawa vijana wakikatwa wanapitia orodha ya weiva, na timu nyingine zina hadi saa 6 mchana wa New York siku inayofuata (kwetu saa 1 jioni) kuwadai. Asipodaiwa, Packers wanaweza kumrudisha kwenye kikosi cha mazoezi chenye nafasi 16, na kila mechi wanaruhusiwa kupandisha wawili kutoka humo. Mchezaji mmoja anaweza kupandishwa mara 3, baada ya hapo lazima asajiliwe kwenye 53. Kwa hiyo swali la mpokeaji wa sita siyo "ni mzuri?" peke yake. Ni "timu nyingine itamchukua?" Kadiri anavyong'ara kwenye mechi za maandalizi, ndivyo inavyokuwa vigumu kumficha.

Na ndiyo maana mechi za maandalizi zinadanganya. Wanaong'ara robo ya nne wanacheza dhidi ya mabeki ambao wiki ijayo hawana kazi. Andika robo na jina la beki kando ya kila mpira ulioshikwa. Mazoezi ya pamoja na Denver yana uzito kuliko robo ya nne yoyote, kwa sababu pale wachezaji wa kwanza wanakutana na wachezaji wa kwanza.

---

Mzizima77:

Asanteni sana wakuu, na dada BintiHesabu. Nimeanza ile kazi ya Kisauni_D, nimemaliza mechi mbili. Nimeona nilivyokuwa kipofu: mchezo mmoja Reed katupiwa yadi 4 nikadhani ndiyo wote waliokuwepo, kumbe Wicks upande wa pili beki kamwacha hatua mbili nzima.

Nina la mwisho. Mechi ya kwanza ni Philadelphia Eagles, kule São Paulo. Nikitumia mechi hiyo kuhakiki tathmini yangu nitakuwa sawa?

---

Nahodha_wa_Yadi:

Kwa baadhi tu. Eagles wamemleta Vic Fangio kuongoza ulinzi, na yeye anapenda kuacha sefti (mabeki wa mwisho) wawili nyuma kabisa na kushambulia kwa watu wachache. Ulinzi wa namna hiyo unaifunga mipira mirefu na kukuachia ya kati. Kwa hiyo Watson akimaliza na mipira miwili usimshushe. Tazama sefti wa upande wake amesimama yadi ngapi kutoka mstarini, kisha tazama anasimama wapi Watson akikaa benchi. Tofauti ikiwa yadi 3 au 4, Watson amefanya kazi bila kugusa mpira, na Reed na mataiti-endi, Luke Musgrave na Tucker Kraft, ndio watakaoila hiyo nafasi katikati.

Doubs na Wicks ndio unaoweza kuwapima vizuri, hasa wakisimama mbele ya Darius Slay. Huyo ni beki mkongwe anayesubiri, hakurupuki, na hatua za uongo za Wicks zinahitaji beki anayekurupuka. Tazama kama Slay anafungua nyonga au anabaki mraba.

Ni Ijumaa tarehe 6 Septemba kwao. Kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa 9 na robo usiku wa kuamkia Jumamosi.

---

BintiHesabu:

Na ukiirekodi, weka safu ya njia alizokimbia kabla ya safu ya mipira aliyoshika. Ukianza na mipira utaishia kwenye mipira.